Hadi Darajani: Jinsi Watu Walivyoagana na Uchina

Ukikutana na mtu aliyesoma Uchina, muulize alivyofika huko. Atakupa stori ya nusu saa: kwamba alishuka ndege Guangzhou na sweta moja, kwamba chakula cha kwanza kilikuwa na pilipili inayotia ulimi ganzi, kwamba mwezi mzima aliishi kwa maneno matatu. Sasa muulize alivyoondoka. Wengi hunyamaza kidogo kwanza, halafu wanaanza kutaja majina ya watu.

Mimi Uchina sijawahi kufika. Hata chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo mahafali nayajua kwa picha za wenzangu. Lakini nina mabeshte kadhaa waliosoma huko, na kila nikiwauliza kuhusu siku za mwisho, jibu linakuwa lile lile. Walipanda treni. Kabla ya kurudi nyumbani walichanga pesa na wenzao wa darasa, Wachina na wageni, wakaenda mbali: milima ya Yunnan, nyika za kaskazini, pwani yoyote ambayo nauli ingefika. Wachina wana jina la safari hii, biye lüxing, yaani safari ya kuhitimu. Unanunua kitanda cha bei nafuu kwenye treni ya usiku, vitanda sita katika kijichumba kisicho na mlango. Maji ya moto ni ya bure karibu na mlango wa behewa, kwa hivyo chakula ni tambi za kikombe. Saa nne usiku taa zinazimwa, na watu wanaendelea kuongea gizani.

Nilitaka kujua jambo hili lina umri gani. Mbona watu wanaagana na nchi kwa kusafiri ndani yake, tena wakiwa na wenzao? Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba Kiswahili kina neno lake tayari. Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unavaa viatu, unatoka naye, unambebea mfuko, unamfikisha hadi stegi, na ukiwa na adabu zako unangoja mpaka matatu ijae. Huko ni kusindikiza. Uchina nayo ni nchi ya kusindikizana, na historia ya wageni walioondoka huko unaweza kuisoma kwa swali moja tu: huyu alisindikizwa na nani, na hadi wapi?

Twende kwanza Chang'an, mji ambao leo unaitwa Xi'an. Wakati wa utawala wa Tang, kati ya mwaka 618 na 907, ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa zaidi duniani, umejaa wafanyabiashara wa Kiajemi, watawa kutoka India na wanafunzi kutoka Korea na Japani. Mashariki ya mji kulikuwa na daraja juu ya mto Ba. Mtu akisafiri kuelekea mashariki, marafiki zake walitoka naye mjini, wakatembea hadi darajani, na hapo wakavunja tawi la mti mwembamba unaoinamia maji, wakampa. Mti huo unaitwa liu. Neno hilo linasikika karibu sawa na liu lingine lenye maana ya kubaki. Unampa mtu anayeondoka tawi linalomwambia abaki, na wote wawili mnajua kwamba hatabaki.

Mgeni ambaye kwaheri yake ndiyo maarufu zaidi alikuwa Mjapani. Abe no Nakamaro alivuka bahari mwaka 717, kijana ambaye miaka 20 ilikuwa bado kumfikia, akiwa kwenye msafara wa kifalme uliopeleka wanafunzi Chang'an. Mwenzake mmoja aliitwa Kibi no Makibi. Makibi alisoma miaka kama 17, akarudi kwao. Nakamaro alibaki. Aliajiriwa na serikali ya Tang, akapewa jina la Kichina, Chao Heng, akapanda vyeo. Na alipata marafiki wa kweli, tena si watu wadogo: Wang Wei na Li Bai, washairi ambao hadi leo watoto wa Uchina wanawakariri shuleni.

Mwaka 752 Makibi akarudi Chang'an, safari hii akiwa naibu balozi. Fikiria hao wawili wakionana tena. Waliondoka kwao wakiwa vijana, sasa wana mvi. Mwaka uliofuata, baada ya miaka 36 ugenini, Nakamaro alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani na msafara ule. Wang Wei alimwandikia shairi la kumuaga. Meli zilikuwa nne. Nakamaro alipanda ya kwanza pamoja na balozi mkuu, Makibi akapanda nyingine. Katika meli ya pili alikuwemo Jianzhen, mtawa wa Kichina aliyekuwa amejaribu mara tano kuvuka kwenda Japani na kushindwa, na ambaye kufikia hapo alikuwa amepoteza uwezo wa kuona.

Jianzhen alifika. Makibi alifika. Meli ya Nakamaro ilipigwa na dhoruba ikasukumwa hadi Annam, Vietnam ya leo, na wengi waliokuwa ndani yake waliuawa huko pwani. Habari zilizomfikia Li Bai zilisema rafiki yake amekufa, naye akaandika shairi la maombolezo. Kumbe Nakamaro alikuwa hai. Yeye na balozi walinusurika, wakarudi Chang'an mwaka 755, wakiwa wamezunguka na kufika pale pale walipoanzia. Hakuiona Japani tena. Alifariki Uchina mwaka 770, karibu miaka 17 baada ya kuombolezwa.

Mwaka 1979 mnara wa kumbukumbu yake ulijengwa katika bustani moja ya Xi'an, ukachongwa shairi lake na lile la Li Bai. Angalia kilichodumu hapo. Mtu huyu alikuwa afisa, alisimamia mambo makubwa, alifika hadi kuwa gavana. Lakini anakumbukwa kwa sababu alitaka kwenda nyumbani na rafiki zake wakaumia.

Miaka 600 hivi baadaye, mgeni mwingine alipita Uchina, na huyu sisi watu wa pwani hii tunamfahamu. Ibn Battuta wa Tangier alikuwa ameshaona Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaandika jinsi watu wa Mombasa walivyopenda ndizi na samaki na walivyojenga misikiti yao kwa mbao. Miaka ya 1345 na 1346 alikuwa Uchina. Wako wanahistoria wanaotilia shaka baadhi ya sehemu alizodai kufika, lakini kuhusu moyo wake mwenyewe hakuficha kitu: Uchina haikumpendeza. Alisifu hariri, vyombo vya udongo na usalama wa barabara, halafu akasema kwamba kila akitoka nje alikutana na mambo yasiyompa raha, hadi akazoea kujifungia ndani. Alipowaona Waislamu wenzake alihisi amekutana na jamaa wa damu. Mtu yeyote aliyekaa hosteli ya wanafunzi wa kigeni wakati wa baridi anajua hisia hiyo.

Katika mji aliouita Qanjanfu, ambao wengi wanauona kuwa Fuzhou, aliletewa habari kwamba tajiri mmoja anataka kumwona. Walikaa, wakaongea, na Ibn Battuta akaanza kumkazia macho. Alikuwa mtu wa Ceuta, mji ulio jirani kabisa na Tangier. Anaitwa al-Bushri. Tena walikuwa wameshaonana Delhi, al-Bushri akiwa kijana asiye na ndevu. Wakalia wote wawili.

Ibn Battuta alipoondoka, al-Bushri alimsindikiza mwendo wa siku nne. Siku nne, halafu ageuke, arudi siku nyingine nne peke yake! Zawadi alizompa zilikuwa nyingi, na ndani yake mlikuwa na binadamu, watumwa wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Msafiri anawaorodhesha tu kati ya vitu alivyopokea. Wao hakuna aliyeandika kama kulikuwa na mtu wa kuwasindikiza. Miaka michache baadaye, akielekea kuvuka Sahara, Ibn Battuta alifikia nyumba moja huko Sijilmasa, kusini mwa Morocco. Mwenye nyumba alikuwa ndugu yake al-Bushri. Alishangaa mwenyewe jinsi ndugu wawili walivyotupwa mbali na maisha.

Hao wote walisindikizwa na marafiki. Kuna kuagwa kwa aina nyingine, kule kunakofanywa na serikali, na mfano wake mzuri unaanzia kwetu.

Mwaka 1415 wajumbe kutoka mahali ambapo kumbukumbu za Ming zinapaita Malin, na wanahistoria wengi wanapasoma kuwa Malindi, walifika Nanjing na twiga. Mfalme Yongle mwenyewe alitoka kumpokea mnyama huyo. Wachina walimlinganisha na qilin, kiumbe wa hadithi zao anayejitokeza nchi inapotawaliwa kwa haki, kwa hivyo unaelewa kwa nini wakuu walifurahi. Mwishoni mwa mwaka 1416 wajumbe wa nchi nyingi zilizokuwa zimetuma zawadi walipewa hariri, na amri ikatoka kwamba Zheng He awarudishe makwao. Meli ziliondoka mwaka 1417, zikafika hadi pwani ya Afrika Mashariki, zikarudi Uchina mwaka 1419. Kwa kipimo cha umbali, hao ndio watu waliosindikizwa mbali kuliko wote ninaowafahamu. Jeshi zima la majini liliwafikisha mlangoni.

Lakini ukitafuta watu hao ni nani, unakwama. Twiga wa mwaka uliotangulia, aliyeletwa na wajumbe wa Bengal, alichorwa na kuandikiwa maneno ya sifa, na picha yake ipo hadi leo. Wajumbe wa Malindi wamebaki bila sura. Walikaa Uchina zaidi ya mwaka mmoja. Lazima walizoeana na mtu: mkalimani, mpishi, mlinzi wa nyumba ya wageni. Lazima kuna Mchina aliyefundishwa kusema jambo moja au mawili kwa lugha ya kwao. Daftari la serikali halikuwa na safu ya mambo kama hayo.

Nayaweka haya pamoja kwa sababu karne ya 20 ilichukua kuagwa kwa serikali ikakufanya kuwa ndiyo njia pekee, na hapo ndipo watu walipoumia.

Miaka ya mwanzo ya 1960 Uchina ilikuwa ikiwapa Waafrika nafasi za masomo. Mmoja wao alikuwa Emmanuel Hevi kutoka Ghana, aliyekwenda Beijing kusomea udaktari. Mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu maisha hayo, kiitwacho An African Student in China. Kwa hesabu yake, walikuwa wanafunzi Waafrika 118, na kufikia mwaka 1962, 96 kati yao walikuwa wameondoka au wanajiandaa kuondoka. Kitabu kilitoka wakati wa Vita Baridi, na wapinzani wa Uchina walikishangilia kwa sababu zao, kwa hivyo kisome ukijua hilo. Hata hivyo, malalamiko yake ni ya mtu aliyeishi mahali: masomo duni, siasa kila saa, dharau kwa rangi yake. Anaeleza pia kisa cha mwanafunzi kutoka Zanzibar aliyepigwa katika hoteli moja ya Beijing, na hasira iliyofuata.

Kilichonigusa zaidi ni anayosema kuhusu upweke. Mchina aliyezoeana na Mwafrika alitiliwa shaka, na msichana Mchina akionekana na mwanafunzi Mwafrika angeweza kuadhibiwa. Sasa tafakari kwaheri ya mazingira hayo. Una rafiki. Unaondoka wiki ijayo. Ukimtafuta umuage, utakuwa umemwonyesha kwa majirani kwamba ni rafiki yako, na wewe ukiwa Accra au Unguja yeye ndiye atakayebaki kujibu maswali. Njia ya kumtunza ni kuondoka bila kumwaga. Wanafunzi 96 waliondoka, na magazeti yakaandika kuhusu uhusiano wa mataifa. Ni kwaheri ngapi zilizonyamaziwa hapo, hakuna aliyehesabu.

Mwaka 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza, wanafunzi wa kigeni waliambiwa masomo yamesimamishwa kwa mwaka mmoja na warudi makwao. Mwaka huo mmoja uligeuka kuwa saba. Vyuo vilianza kuwapokea wageni tena mwaka 1973.

Katikati ya miaka hiyo kuna mfano tofauti. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, na wengi wao walihitimu mwaka 1975. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Hawa walikwenda kwa amri ya serikali na wakarudi kwa mpango wa serikali, sawa. Ila walikwenda wakiwa kundi, na kazi iliyowangoja nyumbani ilikuwa kwenye reli moja, na wahandisi wa Kichina walikuwa bado wako hapo. Mtu uliyelala naye bweni moja Beijing ungeweza kumkuta Mbeya. Kwaheri inakuwa nyepesi mkijua mtaonana kazini.

Turudi wakati wetu. Mwaka 2018 wanafunzi Waafrika walioko Uchina walihesabiwa kuwa 81,562. Ukiwa Nairobi, karibu kila ukoo una mtoto wa shangazi au jirani aliyepitia huko. Hao ndio watu wa treni za usiku niliowataja. Halafu ikaja Januari 2020. Wuhan ilifungwa tarehe 23, siku mbili kabla ya mwaka mpya wa Kichina, wakati wanafunzi wengi walikuwa likizo. Waliokuwa ndani walifungiwa ndani. Mwezi Aprili, huko Guangzhou, Waafrika wengi walifukuzwa katika nyumba na hoteli, wengine wakalala nje. Wakenya waliotaka kurudi waliambiwa na serikali yetu wajilipie nauli na karantini. Mtu anaondoka nchi aliyoishi miaka mitano, amevaa barakoa, hagusi mtu, na gharama ni zake.

Kuna wengine ambao stori yao haisemwi sana, wale waliokuwa wamekuja nyumbani kusalimia. Tarehe 28 Machi 2020 Uchina ilifunga mipaka hata kwa wenye viza. Wanafunzi walikuja na begi la wiki tatu, wakakaa zaidi ya miaka miwili. Viza za masomo zilianza kutolewa tena Agosti 2022, na kufikia hapo wengi walikuwa wameshahitimu kwa kutazama kompyuta, saa tisa usiku, kwa sababu darasa lilifuata saa za Beijing. Hawakuagana na mtu. Safari ya kuhitimu hawakwenda.

Rafiki yangu mmoja ni wa kundi hilo. Vitu vyake vilibaki bwenini. Chuo kilipotaka chumba, vilifungwa na mwenzake wa darasa, Mchina kutoka Hunan, ambaye alimpigia simu ya video akimwonyesha kitu kimoja kimoja. Hili nitume? Hili nitupe? Sufuria ya ugali alisema ataibaki nayo. Walipomaliza, kijana yule hakukata simu. Alitembea nayo kutoka bwenini, akapita kantini, uwanja wa mpira, duka la matunda, mpaka getini, akisema kidogo sana. Getini akasimama. Rafiki yangu anasema hapo ndipo aliposikia kwamba ameondoka Uchina, ingawa mwili wake ulikuwa Rongai kwa zaidi ya mwaka.

Zamani stesheni za treni za Uchina ziliuza tiketi maalum za bei ndogo sana. Hazikukupa kiti. Zilikuruhusu tu kuingia hadi pale treni inaposimama, umbebee msafiri begi, usimame dirishani mpaka magurudumu yaanze kuzunguka. Ilikuwa tiketi ya kusindikiza, hasa. Stesheni nyingi zimeacha kuziuza, kwa sababu siku hizi tiketi inanunuliwa kwa kitambulisho na asiyesafiri anabaki nje ya ukaguzi. Nadhani hii ndiyo sababu nyingine wanafunzi wanapanda treni wote pamoja. Kama hauruhusiwi kumfikisha rafiki yako hadi behewani, unakata tiketi kama yake na unakwenda naye, siku nne au zaidi, halafu unarudi.